KUTOKA MVITA HADI AMU: MNYAMA HUYU NI WA NANI?



Baadhi yenu mmeuliza kwa nini juma lililopita hamkuyaona maneno yangu mahali pake pa kawaida. Sikuwa mgonjwa, namshukuru Mungu, wala sikuchoka kuandika. Nalikuwa safarini. Jamaa zangu wa Amu walikuwa wakioza binti, nami nikaalikwa, na mpwa wangu, mwenye motokaa ndogo ambayo bado anailipia, akaniambia, "Mjomba, usipande basi. Nitakuchukua mimi, tutakwenda polepole huku tukitazama nchi."

Nilidhani nitawaletea habari za harusi, za pilau na vugo. Walakini mtu hupanga lake, na njia nayo hupanga lake. Habari niliyoirudisha ni ya wanyama, na ndani yake mna swali moja ambalo mzee mmoja wa Mto Tana aliniuliza, nami nikashindwa kulijibu mbele yake. Nimekaa nalo tangu siku ile. Leo naliweka mbele yenu.

JONGOO WA BAMBURI

Tuliondoka Mvita alfajiri, tukavuka daraja la Nyali. Daraja la sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Kabla yake palikuwa na daraja lililoelea juu ya maji, lililojengwa mwaka 1931. Haikupita nusu saa tukawa Bamburi, penye kiwanda cha saruji. Hapo palichimbwa mawe ya matumbawe miaka mingi, mpaka likabaki shimo kubwa jeupe, lisilo na udongo wala kivuli. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja wa mimea, Bwana René Haller, alianza kupanda miti ndani ya shimo hilo. Mingi ilikufa. Mivinje ikashika.

Lakini majani ya mvinje yalipoanguka yalilala pale pale bila kuoza, na bila ya kuoza hapana udongo. Basi wakaletwa jongoo. Jongoo wakayatafuna majani, na choo chao kikawa udongo. Juu ya udongo huo ikaota miti mingine, wakaja ndege, na baadaye wakaletwa twiga na viboko. Nani kati yetu amewahi kumheshimu jongoo? Tukimwona nyumbani twamsukuma nje kwa ufagio. Kumbe mdudu huyo anaweza kuifufua ardhi ambayo mitambo imeiua.

Nilimwambia mpwa wangu aliweke neno hilo moyoni. Akajibu, "Ndiyo, mjomba," huku akitazama lori lililokuwa mbele yetu.

Tulipita Mtwapa, ambako zamani kivuko kilivutwa kwa mnyororo na watu waliokuwa wakivuta huku wakiimba. Tukapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, tukafika Kilifi. Mimi naikumbuka feri ya Kilifi, iliyofanya kazi mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Tulingoja juani saa nzima na zaidi, tukala korosho, tukapata habari za vifo na ndoa za nchi nzima. Sasa motokaa huvuka kwa dakika moja, na abiria aliyesinzia hajui hata kuwa amevuka mkono wa bahari.

MSITU WA SOKOKE

Mbele ya Kilifi, upande wa kushoto wa njia, msitu wa Arabuko-Sokoke ulianza. Ukubwa wake wapata kilomita za mraba 420, na katika pwani yote ya Afrika Mashariki hakuna msitu mwingine wa namna yake wenye ukubwa huo uliosalia kwa kipande kimoja. Zamani misitu kama huu ilifuatana na bahari mwendo mrefu sana. Leo vimebaki vipande vipande, kama kanga iliyoraruka.

Hapo tulikutana na wanyama wa kwanza wa safari yetu. Kundi la nyani lilikuwa limekaa kando ya barabara kama wachuuzi wanaongoja basi. Mzee wao, dume mwenye mabega mapana, alisimama katikati ya lami akatutazama usoni. Mpwa wangu akacheka, akashusha kioo, akamtupia ndizi. Nilimkaripia. Nyani aliyezoea kulishwa na wasafiri hajui tena mpaka kati ya ndizi ya kupewa na ndizi ya kuiba, na msafiri akishaondoka, anayebaki kupambana naye ni mkulima wa kijiji cha jirani. Sadaka yetu ya kicheko huwa deni la mtu mwingine.

Kwenye kituo cha msitu karibu na Gede tulipata kijana mwenyeji wa kutuongoza. Hatukuona ndovu, ingawa wamo. Tuliona kinyesi chao na mti waliouvunja. Lakini tulimwona mnyama ambaye nilikuwa nikimsikia tu tangu utoto: sange mwenye mgongo wa dhahabu. Ni mdogo kuliko paka, ana pua ndefu yenye kuchezacheza, miguu myembamba, na nyuma ana rangi ya manjano kama aliyekalia rangi mbichi. Alikuwa akichakura majani makavu kutafuta wadudu. Tulipokanyaga kijiti, alipiga mkia chini mara moja akatoweka.

Kijana yule alitueleza kwamba watu humdhania sange kuwa panya, nao wamekosea. Wataalamu waliochunguza damu na mifupa wameona kwamba ukoo wake uko karibu na ndovu, pimbi, muhanga na nguva wa baharini. Dume na jike huishi katika eneo moja mpaka kufa, kila mmoja akijijengea vitanda kadhaa vya majani, na hawalali kitanda kimoja siku zote, ili adui asiwazoee. Sange wa namna hii wapo katika msitu huu na misitu michache mingine ya pwani ya Kenya, basi. Duniani kote hawapo penginepo. Humo pia mna bundi mdogo, urefu wake kama sentimita 16, ambaye wataalamu hawakumjua mpaka mwaka 1965. Wenyeji bila shaka walikuwa wakimsikia kila usiku.

Tulipotoka msituni tulipita kwa bibi mmoja wa Kigiriama afugaye vipepeo. Msicheke. Tangu mwaka 1993 kuna mradi hapo Gede, uitwao Kipepeo, ambao huwanunulia wanakijiji vifukofuko, yaani kiwavi akiwa amejifunga kabla ya kuwa kipepeo. Bibi huyo huwanasa vipepeo wachache kwa wavu na matunda yaliyooza, huwatia katika kibanda cha chandarua, nao hutaga mayai. Viwavi wakitoka huwalisha majani, na kila aina ina jani lake. Ukimpa jani la mwenzake atakufa njaa huku amekaa juu ya chakula. Vifukofuko husafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za vioo ambamo watu hulipa kiingilio kuona vipepeo wa Afrika wakiruka. Lazima wafike kabla hawajatoka, maana mzigo ukichelewa, bidhaa imeruka.

Nilimwuliza kama anaupenda msitu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Baba," akasema, "zamani tulisema msitu huu ni wa ndovu na wa Serikali. Ndovu akitoka usiku alikula mahindi, na asubuhi Serikali haikuonekana. Watu wengi hapa walitaka ukatwe, tugawiwe mashamba. Hata mimi nilitaka. Sasa ukikatwa, viwavi wangu watakula nini, na mimi nitalipa karo kwa nini?"

Kisha akatuonyesha shamba lake la mihogo, lililochimbuliwa na nyani asubuhi ile. Sikumtazama mpwa wangu, wala yeye hakunitazama.

MTO WENYE MAJINA MENGI

Tulilala Malindi. Mji huu nao una hadithi yake ya mnyama, maana mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga, wakavuka naye bahari hadi kwenye baraza la mfalme, na watu wakastaajabu kumwona. Tangu zamani, basi, wanyama wetu wamesafiri mbali, nao ndovu wamesafiri kwa njia mbaya zaidi, kwa vipusa vyao tu.

Asubuhi tulivuka Sabaki. Mto huu una majina mengi kama mtu aliyeoa miji mingi: huko juu karibu na Nairobi waitwa Athi, ukikutana na Mto Tsavo waitwa Galana, na ukikaribia bahari ndio Sabaki. Maji yake yalikuwa mekundu kwa udongo wa mashamba ya bara, na mahali unapoingia baharini bahari nayo ilikuwa nyekundu. Mbali kidogo tuliona migongo ya viboko kama mawe, ikizama na kuibuka.

Katika mto huu huu, mwezi wa Desemba mwaka 2004, viboko kadhaa walichukuliwa na maji mpaka baharini. Kisha ikaja ile tsunami iliyotoka Bahari ya Hindi upande wa mashariki. Akaonekana mtoto mmoja wa kiboko amekwama juu ya mwamba, peke yake, bila mama. Wavuvi na watu wengine wa Malindi wakamkamata kwa nyavu, kazi iliyochukua saa nyingi, akapelekwa kule kule Bamburi, ndani ya lile shimo lililofufuliwa na jongoo. Wakamwita Owen, kwa jina la mmoja wa waliomwokoa. Na alipofunguliwa alikwenda moja kwa moja kujificha nyuma ya kobe mkubwa, mwenye umri uliokadiriwa kupita miaka mia moja, ambaye jina lake lilikuwa Mzee. Kobe alijaribu kumkimbia, mtoto akamfuata. Baada ya siku chache wakawa wakila pamoja na kulala pamoja, na habari yao ikaenea duniani.

Naipenda habari hiyo. Lakini kabla jua halijatua siku ile nilikuwa nimesikia habari nyingine ya kiboko, ambayo haikuenea popote.

MZEE WA TANA

Baada ya Gongoni na mashamba yake ya chumvi, nchi hufunguka ikawa tambarare. Kilomita kama 110 kutoka Malindi tulifika Garsen, karibu na Mto Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Hapo gurudumu letu liliingia msumari. Fundi alisema tungoje. Nikaelekea upande wa mashamba kutafuta kivuli, na chini ya mwembe nikamkuta mzee wa Kipokomo akisuka mtego wa samaki.

"Shikamoo, mzee," nikasema, kwa kuwa alinizidi umri.

"Marahaba. Karibu ukae. Chini hapa ni pazuri kuliko kiti."

Tulizungumza habari za mvua na za mto. Akanionyesha shamba lake la mahindi na migomba, na katikati yake dungu la miti, lenye paa la makuti. Humo ndimo alimolala kila usiku tangu mahindi yalipoanza kubeba, pamoja na debe tupu na rungu la kulipigia. Kiboko mmoja anaweza kula kilo 40 za majani kwa usiku. Akiingia shambani, kile asichokila hukilaza chini kwa uzito wake. "Yeye hutembea kama gunia lenye miguu," akasema mzee, "lakini ukimzuia njia ya kurudi majini, hutamwona alivyokufikia."

Nikamwuliza kama amepata kuumia. Akasema yeye hapana. Mdogo wake ndiye aliyeshikwa na mamba akiwa mtumbwini, na watu walipomvuta, mkono mmoja ulibaki mtoni. Walijaza karatasi za fidia, wakapiga picha, wakapata barua ya daktari, wakapeleka yote katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Miaka imepita. "Nimekwenda huko mara nyingi," akasema, "hata mbwa wa pale hawanibwekei tena."

Aliendelea kusuka kidogo, kisha akaweka mtego chini.

"Wewe umeniambia wewe ni mtu wa kalamu. Basi niambie. Kiboko akionekana amekufa hapa mtoni, askari hufika siku hiyo hiyo kuuliza ni nani aliyemwua. Mdogo wangu alipokatika mkono, hakufika mtu. Akiwa hai na amekula mahindi yangu, naambiwa ni mnyama wa porini, hana mwenyewe. Akifa, ana mwenyewe. Mnyama huyu ni wa nani?"

Nikafikiri kwamba anataka wanyama waondolewe, nikamwuliza. Akatikisa kichwa. "Wakiondoka, mto utabaki na nini? Samaki hufuata kinyesi cha kiboko. Baba yangu aliniambia hivyo, nami nimeona. Sikusema aondoke. Nimeuliza ni wa nani, ili nijue nimdai nani."

Sikuwa na jibu. Nilimwaga tukaondoka, jua likiwa limekwisha kuinama.

HESABU YA ZAMANI NA YA SASA

Ndani ya motokaa nilipitisha akilini yale niyajuayo. Zamani, watu wa nchi hizi waliishi na wanyama kwa desturi zao. Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, waliwinda ndovu kwa upinde mkubwa na mishale ya sumu. Serikali ya kikoloni ilipoleta sheria za uwindaji, mwenye fedha za kununua leseni akaitwa mwindaji, na Mwaata mwenye upinde akaitwa mwizi. Katika miaka ya 1950 wengi wao walikamatwa na kufungwa. Mwaka 1977 Kenya huru ilipiga marufuku uwindaji wote, na hapakuwa na shaka juu ya sababu yake, maana ndovu na vifaru walikuwa wakimalizwa.

Kisha ikaja Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Hiyo iliandika kwamba mtu akiuawa na mnyama aliyetajwa humo, jamaa zake walipwe shilingi milioni 5. Akipata ulemavu wa kudumu, milioni 3. Na kwa majeraha mengine mpaka milioni 2. Iliwataja ndovu, simba, nyati, mamba, kiboko na wengineo, hata papa na taa wa baharini, jambo ambalo wavuvi wetu wengi hawana habari nalo. Mazao na mifugo pia viliwekewa fidia. Lakini nyani na kima, ambao kwa yule bibi wa Gede ndio wezi wakubwa kuliko wote, hawakuwamo katika orodha.

Ni sheria njema kuisoma. Tatizo ni umbali kati ya karatasi na mkono wa mtu, na kwa mzee wa Tana umbali huo ni mrefu kuliko mto wake.

YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Sasa nifike kwenye jambo la aibu, ambalo ningeweza kulificha, maana shahidi wangu ni mpwa wangu tu.

Barabara ya kutoka Garsen kwenda Witu na Amu zamani ilikuwa ya udongo, na mvua ikinyesha malori yalikwama siku kwa siku. Leo ni ya lami nzuri. Mimi ndiye niliyemwambia kijana akaze mwendo, kwa kuwa tulichelewa na askari wa njia ile hawapendi mtu asafiri usiku, nao wana sababu. Yeye aliyekuwa akitaka kwenda polepole akatii mjomba wake. Haraka haraka haina baraka. Methali hiyo naliwaandikia hapa si mara moja.

Jua lilikuwa likichwa nyuma yetu. Tuliona kwanza nyati watatu mbali kando ya kichaka, weusi kabisa, tukawapita salama tukajisifu kuwa macho yetu ni makali. Hata hatujamaliza kujisifu, paa alitoka upande wa kulia. Nilisikia kishindo kidogo tu, kama mtu aliyepiga mlango kwa kiganja.

Tuliposhuka alikuwa bado hai. Alikuwa jike, mdogo, na macho yake yalikuwa wazi. Hakuchukua muda mrefu. Motokaa haikuwa na alama hata moja.

Tukasimama hapo bila neno. Kisha mpwa wangu, ambaye si mtu mbaya, akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, amekwisha kufa. Nyama itaoza bure. Tumtie nyuma?" Nakiri kwamba kwa kitambo kifupi sikusema hapana. Nalilelewa katika nyumba ambamo nyama ya paa ilikuwa nyama tu. Lakini nilikumbuka mwembe wa Garsen. Nikatambua kwamba lile swali tuliloulizwa saa chache kabla lilikuwa limelala mbele yetu barabarani. Tukimtia nyuma, tumejibu kwamba mnyama ni wa aliye naye karibu na asiyeonekana. Jibu hilo ndilo lililomaliza vifaru.

Tukamweka kando ya njia, tukaenda mpaka kwenye kizuizi cha polisi karibu na Witu, tukaeleza yote: mahali, saa, na mwendo tuliokuwa nao. Askari alitusikiliza kwa mshangao. Akaandika, akatukaripia kwa mwendo, akasema, "Wengi huwagonga. Wachache husimama. Wa kuja kusema, ninyi ndio wa kwanza kwangu." Akatuambia tusiendelee usiku ule.

Tulilala Witu, mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa na sultani wake, Ahmad, aliyeitwa Simba. Sikupata usingizi upesi. Mtu akijeruhiwa na mnyama kuna karatasi ya kujaza, hata ikichelewa. Mnyama akijeruhiwa na mtu mwenye haraka ya kufika harusini, hakuna karatasi, hakuna shahidi, wala mdogo wake haji kudai.

JIBU LANGU

Asubuhi tulifika Mokowe, tukaiacha motokaa, tukapanda mashua. Amu hakuna haja ya motokaa. Mwenye njia ni punda, na binadamu ndiye apishaye. Nilikuwa nimesimama kichochoroni nikitafuta nyumba ya harusi, punda aliyebeba mawe ya ujenzi akanisukuma ukutani akapita zake. Mwenye punda akasema, "Subalkheri, mzee, niwie radhi." Nikajibu, "Akheri," nikacheka peke yangu. Huyo angalau ana mwenyewe, na mwenyewe anaomba radhi.

Hapo ndipo nilipoona mwanga wa jibu. Mwenye punda hutambulikana kwa sababu hupata faida yake na hubeba hasara yake. Bibi wa Gede ameanza kuwa mwenye msitu kwa sababu hupata karo kutokana nao, ingawa hasara ya nyani bado amebebeshwa peke yake. Kule Mida, jirani na msitu huo, ada za wageni wanaopita juu ya daraja la kamba kati ya mikoko zimesaidia kulipia masomo watoto wa vijiji vya karibu. Lakini mzee wa Tana amepewa hasara tupu. Ukimpa mtu hasara ya kitu na kumnyima faida yake, usistaajabu siku atakaposema kitu hicho si chake.

Basi, ndugu zangu, jibu langu kwa yule mzee ni hili: mnyama ni wetu sote, nawe umekuwa ukilipa sehemu yetu sote. Hilo ni deni. Haifai lilipwe kama sadaka, wala lisingoje mpaka mbwa wa ofisi wamzoee mdai.

Kwa kuwa kalamu isiyo na shauri ni kelele, naongeza maneno manne. Kwanza, aliyepatwa na madhara ya mnyama asikae kimya: atoe habari mapema kwa polisi na kwa ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, apate barua ya daktari, na kila karatasi abaki na nakala yake. Pili, wenye kushika mafaili hayo wakumbuke kwamba ndani ya kila faili mna mtu aketiye chini ya mwembe. Tatu, msafiri asimlishe nyani. Nne, na hili najiambia mimi kwanza: jua likianza kuinama katika nchi ya wanyama, punguza mwendo. Harusi itakungoja. Bibi arusi alinisamehe kuchelewa kabla sijamaliza kueleza, na pilau ilikuwa bado ya moto.

Mpwa wangu alirudi Mvita akiendesha polepole mno, hata mabasi yakatupigia honi njia nzima. Sikumwambia neno.